UZI: Furaha ya kuishi maisha ya wenyeji ukivuka mpaka, kutoka Mwanza hadi Kisumu na Kampala

Mleta mada (Mwanza)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kutoka Mwanza.

Watu wengi wa Kanda ya Ziwa tukitaja safari ya nje ya nchi, mawazo yetu hukimbilia Dubai, Guangzhou au Ulaya, na aliyerudi kutoka huko hupokewa kwa heshima hata kama aliyoyaona ni maghorofa, maduka na chumba cha hoteli. Sizidharau safari hizo. Ninachotaka tukijadili ni safari ya namna nyingine, ambayo mtu anakwenda nchi ya watu, anakaa mtaani kwao, anakula wanachokula kwa saa wanayokula, anapanda magari wanayopanda, anasali wanaposali, na akirudi nyumbani anakuwa na watu wa kuwapigia simu siku za sikukuu. Ninaamini kwa dhati kwamba hakuna raha ya safari inayoizidi hiyo, na kwamba sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Victoria tuna nafasi ya kuipata hapa hapa jirani, ila wachache wetu wanaitumia.

Ziwa hili lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Karibu nusu yake iko Tanzania, sehemu kubwa ya inayobaki iko Uganda, na Kenya ina kama asilimia 6, hasa katika Ghuba ya Winam. Watu wa pande zote tatu wanavua samaki walewale na wanasumbuliwa na magugumaji yaleyale, na wengine ni ndugu waliotenganishwa na mpaka, kama Wakurya walioko Tarime na Kenya, au Wajaluo walioko Rorya na Kisumu. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anapovuka mpaka wa Kenya pale Sirari anaingia katika maisha ambayo nusu yake anayajua tayari. Ile nusu nyingine ndiyo inayomshughulisha. Katika nchi ya mbali sana kila kitu ni kigeni, na mgeni hushindwa kujua aanze kutazama wapi. Kwa jirani, tofauti ndogo katika namna ya kupika dagaa inatosha kukufanya ukae chini uulize.

Nitaeleza zaidi kuhusu Kisumu, kwa kuwa ndiko nilikokaa muda mrefu. Mwenzangu mmoja wa kazini alinielekeza kwa shangazi yake, mama anayeuza samaki na anayeishi Nyalenda, upande wa kuelekea ufukwe wa Dunga, naye akanipa chumba cha uani kwa malipo tuliyopatana. Mwanzoni nilitunzwa kama mgeni wa heshima: kiti kizuri kilikuwa changu, samaki mzima aliwekwa kwenye sahani yangu peke yangu, na watoto walikatazwa kupiga kelele. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nami nashuhudia kwamba furaha yangu ilianza nilipopewa jembe. Nilitumwa maji, nikatumwa sokoni, kisha nikakabidhiwa kisu na fungu la mboga nichambue pamoja na mabinti wa nyumba ile. Mkono wa mtu ukiwa na kazi, mazungumzo huja yenyewe. Wakati tunachambua mnavu na mgagani ndipo niliposikia habari za ada za shule, za mkopo wa kikundi cha akina mama, na za boti iliyorudi bila kitu. Hakuna mwongoza watalii ambaye angenieleza hayo.

Mboga zile chungu huchemshwa, zikatiwa maziwa, zikapashwa moto tena na tena hata kesho yake, mpaka ule uchungu ukalainika. Dagaa, ambao kwao huitwa omena, huoshwa kwa maji ya moto, wakakaangwa mpaka wakakauka, wakaungwa kwa vitunguu na nyanya, na mwisho wakamaliziwa kwa maziwa au malai. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo dagaa huungwa kwa karanga, na nikawaonesha jinsi tunavyofanya. Jioni hiyo sufuria mbili ziliwekwa mezani na kila mtu akaonja zote mbili. Ugali wao wa mtama na muhogo haukunipa shida, kwa maana aliyezoea ugali wa udaga, yaani wa muhogo uliovundikwa, hashtushwi na ugali mweusi.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda soko la Kibuye, ambalo siku hiyo hufurika kuliko siku nyingine yoyote, likiwa na nguo, nafaka, vyungu, vitanda, kuku na samaki wa kukaanga vikiwa vimetandazwa mpaka karibu na barabara. Kanisani nako nilikuta nyimbo za kwaya za Tanzania zikiimbwa kwa moyo na watu ambao hawajawahi kukanyaga nchi yetu, na baada ya ibada wanakwaya wakanizunguka kuniuliza matamshi ya beti wanazozipenda. Ilikuwa asubuhi iliyonifurahisha kuliko bustani au jengo lolote nililowahi kulipia kiingilio.

Naomba mchango wenu. Nani kati yenu amekaa na wenyeji nje ya nchi, na nini kilichomgusa?

Mchangiaji kutoka Kirumba

Dada mleta mada, nimesoma andiko lako lote na nakupongeza kwa lugha nzuri. Mimi ni mzee wa Mwaloni, soko letu la samaki hapa Kirumba. Nimefanya biashara ya dagaa na mabondo, yaani vibofu vya samaki, kwa miaka mingi, na nimelala Busia, Kisumu na Kampala mara nyingi. Naomba nikupinge kidogo kwa nia njema.

Kwanza, sisi tunaosafiri kwa biashara tumeishi na wenyeji bila kuita jambo hilo furaha. Tumekula vibandani, tumelala nyumba za wageni za bei ya chini, na tumepanga foleni mpakani, kwa sababu mfuko hauruhusu vingine. Pili, nina wasiwasi na huyu mgeni anayetaka kuishi kama mwenyeji kwa wiki moja. Mwenyeji hakuchagua kuchota maji, bomba halipo. Mgeni akichota ndoo moja akafurahi, kisha akapiga picha na kuondoka, aliyebaki na ndoo ni yule mama. Nimeona wageni wa Ulaya wakifanya hivyo hapa kwetu, wakipiga picha wanawake wanaoanika dagaa bila hata kuwaamkia, na sikupenda. Je, sisi tukienda kwa jirani tutakuwa na tofauti gani nao? Na huyo mwenyeji, umemuuliza kama naye anafurahi, au furaha ni yako peke yako?

Mchangiaji aliyeko Kisumu

Mzee wangu wa Mwaloni, shikamoo. Nami nakusalimu, dada mleta mada. Mimi ni mwenyeji wa Kisumu, na nyumbani kwetu tumewahi kupokea wageni kutoka Musoma na Mwanza, kwa hiyo naomba nijibu swali la mwisho la mzee, maana linatuhusu sisi tunaopokea.

Tunafurahi, lakini si kwa kila mgeni. Mgeni anayetulemea ni yule anayekaa sebuleni akisubiri kuhudumiwa, kwa sababu heshima inatulazimu tumpe kuku na soda wakati sisi wenyewe tungekula mboga. Anayeingia jikoni na kusema nami nitakula mlichopika anatupunguzia gharama na anatuondolea haya. Siku hiyo ndiyo tunaanza kumwambia mambo ya kweli.

Nitaongeza jambo ambalo watalii hawalijui kabisa. Huku kwetu, ukikaa katika nyumba ya mtu kwa muda, huenda ukafikwa na msiba wa jirani au wa ukoo, nawe utaombwa kuandamana nasi. Usikatae. Matanga ya Wajaluo ni mkusanyiko mkubwa: watu husafiri kutoka mbali, hotuba huwa ndefu, mchango hukusanywa na jina la kila aliyechanga husomwa. Tulikuwa na mgeni mmoja kutoka Mwanza aliyekwenda nasi Seme kuzika, akachanga kidogo alichokuwa nacho, na alipoitwa kusimama akatoa salamu za rambirambi kwa Kiswahili safi cha Tanzania. Wazee wa boma lile bado wanamuulizia. Siku hiyohiyo tulipita naye Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandana katika njia ya kwenda Bondo, na akatuambia kwamba anajiona yuko Mwanza, kwa jinsi yanavyofanana na mawe ya kwenu. Watu walikuwa pale wakisali na kufunga, kama ilivyo desturi, naye akavua kofia akasimama kando kimya bila kutoa simu. Mzee, tofauti na wale wageni uliowaona iko hapo.

Tena muziki unatuunganisha. Benga tunayoiita yetu ilikuzwa kwa sehemu kubwa na mtu wa kwenu. D. O. Misiani alizaliwa karibu na Shirati, Tanzania, mwaka 1940, akaja huku akaipa bendi yake jina la Shirati, na mpaka alipofariki mwaka 2006 wapenzi wa muziki wake huku hawakumhesabu kuwa mgeni. Aliishi nasi mpaka akawa wetu.

Mleta mada (Mwanza)

Mzee wangu, shikamoo, na ninakushukuru kwa kunipinga kwa uwazi. Swali lako la picha nakubaliana nalo kabisa. Dada wa Kisumu, ahsante. Umeeleza jambo la matanga vizuri kuliko nilivyoweza mimi.

Ninalotaka kutofautiana nalo ni hoja kwamba ugumu wa maisha unafuta furaha. Mama yule wa Nyalenda anajua fika kwamba maji ya bomba ni bora kuliko ndoo, na hakuna aliyesifia ndoo. Kilichonifurahisha ni kuaminiwa. Kumkabidhi mtu baki kazi ya nyumba ni kumwambia kuwa yumo, na mgeni anaweza kulipa imani hiyo kwa vitendo: kwa kulipia chumba bei ya haki, kwa kununua mahitaji ya jikoni bila kungoja kuombwa, na kwa kutokwenda mikono mitupu. Mimi nilibeba mchele, pamoja na michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe ile ilipendwa sana na bibi wa nyumba, ambaye aliitafuna taratibu huku akinihoji jinsi viazi vinavyokatwa na kuanikwa, kwa kuwa nao wanalima viazi vitamu lakini huvila zaidi vya kuchemsha, bila kuvikausha.

Na wewe mwenyewe, mzee, nadhani unajua majina ya watoto wa wale unaouziana nao Busia. Kama unayajua, basi tunazungumza jambo moja.

Sasa niseme kuhusu Kampala, ambako mambo ni magumu zaidi kwa Mtanzania, kwa sababu Kiswahili hakikufikishi mbali. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini sokoni na kwenye magari mji ule unaongea Kiganda. Nilianza na salamu, kwa kuwa Waganda, kama Wasukuma, hawapendi mtu anayeanza na shida yake kabla ya kumaliza kuamkiana. Ukimkuta mtu akifanya kazi unamwambia gyebale ko, yaani hongera kwa kazi, naye anakushukuru na kukurudishia, kisha mnaendelea kuitikiana kwa sauti ya chini mpaka pumzi zitulie. Wanawake na mabinti hupiga magoti wanapowaamkia wakubwa. Mtu aliyelelewa usukumani, ambako tunainama na kusema mwangaluka, hana haja ya kufundishwa maana yake, na nilipopiga goti mbele ya mzee wa nyumba niliyofikia, nyumba nzima ilinikubali kuanzia dakika ile.

Kwenye kituo kikuu cha zamani, magari madogo meupe yenye miraba ya buluu, ambayo wao huyaita taksi, hujipanga kwa mamia, na kila moja husubiri lijae ndipo liondoke. Ukitaka kushuka unasema maaso awo. Niliyasema maneno hayo kwa mara ya kwanza kwa woga, gari likasimama, na sijui kama kuna kitu kidogo kiasi hicho kilichowahi kunipa fahari kama ile. Asubuhi tulikula katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo. Mchana wa haraka ulikuwa kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage. Jumapili palikuwa na luwombo, kuku na mchuzi wa karanga waliofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke mpaka jani lenyewe likaacha harufu yake katika nyama.

Mwenyeji wangu, yule mzee, ni mtu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa jadi ya Buganda ndio wenye jukumu la kuezeka nyumba kuu ya makaburi ya wafalme pale Kasubi. Makaburi hayo yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, yakateketea kwa moto mwezi Machi 2010, na kazi ya kuyajenga upya ikachukua miaka mingi mpaka yakaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Ningeweza kuyasoma hayo kwenye kibao. Lakini nilikwenda Kasubi nikiwa na mtu ambaye, alipotazama nyasi zile, alieleza jinsi zinavyochaguliwa na kufungwa mafungu kama mtu anayeeleza shamba la baba yake, na aliposimulia usiku wa moto sauti ilimkwama. Mahali maarufu panakuwa pengine kabisa unapofika na mtu ambaye panamuuma.

Mchangiaji kutoka Bukoba

Naomba nami nichangie, ndugu zangu. Sisi Wahaya tunaishi karibu na Buganda kuliko mtu mwingine yeyote wa Tanzania. Ukitoka Bukoba asubuhi na ukavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, mchana unaweza kuwa Masaka. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, hata ndugu wa Mwanza mnaokuja kwa barabara mmepunguziwa kungoja kivuko, ingawa mimi bado napenda meli ya usiku.

Dada amegusa suala la kuona tofauti ndogo kwa jirani, na mimi nina mfano wake. Waganda hufunga ndizi katika majani, huzipika kwa mvuke, kisha huzikanda mpaka zikawa laini. Sisi hukata vipande tukapika pamoja na maharage au samaki katika chungu kimoja. Nilipokuwa Masaka, mama mwenye nyumba alinitazama nikipika kwa namna yetu, akasema kwamba bibi yake aliyetoka upande wa mpakani alikuwa akipika vilevile, na akaita majirani waje kuona. Tulikaa mpaka usiku tukihesabu maneno yanayofanana.

Kisha kuna senene, wale panzi wanaoliwa. Msimu wake mkubwa ni mwezi Novemba, na Masaka watu huwatega usiku kwa taa kali zinazoakisi kwenye mabati yaliyosimamishwa juu ya mapipa. Nilikesha na vijana wa kazi hiyo, tukifumba macho kwa mwanga na kufunika vichwa, na kulipokucha tukakaa wote, wazee kwa watoto, kunyofoa mabawa na miguu. Mwenzetu mmoja alinyofoa pamoja nasi lakini hakula hata mmoja, kwa kuwa yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na mwiko wa ukoo haumruhusu. Hakuna aliyemcheka wala kumshawishi. Mimi ninayetoka mahali ambapo senene ni zawadi ya harusi nilimtazama kwa heshima kubwa.

Mchangiaji kutoka Nyegezi

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza, na uzi huu umenitia hamu ya kwenda Kisumu wakati wa likizo. Naomba kuuliza: je, ninahitaji nyaraka gani, na mtu asiye na mwenyeji wa kumpokea anaanzia wapi?

Mleta mada (Mwanza)

Mdogo wangu, marahaba. Ndugu wa Bukoba, simulizi lako la senene limenifurahisha mno.

Unahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha taifa peke yake kisikudanganye ukakitegemea. Beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa maana huulizwa mara nyingi. Viza hulipi, kwa kuwa wewe ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mabasi yanapitia Magu, Lamadi, Bunda na Tarime mpaka Sirari, na ng'ambo unaingia Isebania, kisha Migori. Uangalie fedha: zote zinaitwa shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya ina thamani ya shilingi zetu nyingi, na ya Uganda iko chini ya yetu, kwa hiyo jifunze hesabu hiyo kabla hujafika kwa wabadilishaji wa mpakani.

Kuhusu mwenyeji, anza na watu wa imani yako au kazi yako. Msabato, Mkatoliki, mtu wa kanisa la AIC, Mwislamu, kila mmoja ana ndugu wa imani Kisumu, na barua kutoka kwa mchungaji, padri au imamu wako inafungua mlango. Mwanafunzi anaweza pia kuwaandikia wanafunzi wenzake wa vyuo vya kule. Ukikosa kabisa, chukua nyumba ya wageni ya kawaida katika mtaa wanaoishi watu, kisha uchague kibanda kimoja cha chai na kimoja cha chakula, uvirudie kila siku bila kuhamahama, umwamkie mwenye kibanda kwa oyawore asubuhi na umwambie erokamano, yaani ahsante, ukimaliza kula. Ukitaka kula samaki, nenda Dunga asubuhi boti zinaporudi, ukae na akina mama wanaozisubiri, na uulize kabla ya kutoa simu. Panga ufike Jumamosi ili Jumapili uwahi Kibuye, na mama muuza samaki nitakupa namba yake kwa ujumbe wa faragha nikishamwomba ruhusa.